Taa ya Namba Nne

Masikio ya Damian yalianza kufa mwaka wa themanini na moja, baada ya sindano za kifua kikuu. Alidungwa siku sitini mfululizo. Kifua kikapona, kikohozi kikakoma, lakini ndege wa alfajiri wakapungua, kisha wakaisha kabisa. Mkewe, Lukresia, alikuwa amerudi kwao Ushirombo tangu siku alipoona damu kwenye leso, wala hakugeuka tena. Kwa hiyo ndani ya nyumba hapakuwa na mtu wa kugundua kwamba mwenye nyumba akiitwa haitiki.

Miaka miwili baadaye alikuwa bado bwana mifugo wa Runzewe, na hakuwa amemwambia mtu yeyote kwamba hasikii. Aliogopa kustaafishwa, aliogopa kunyang'anywa pikipiki ya serikali, na zaidi ya yote aliogopa kuhurumiwa. Akajifunza ujanja. Aliwahi kuwaamkia wakubwa kabla hawajamsemesha, maana jibu la shikamoo linajulikana. Kanisani alikaa benchi la nyuma, wenzake wakisimama naye anasimama. Barazani walipocheka, naye alicheka. Maneno aliyasoma midomoni, nusu akiyapata, nusu akiyakisia. Siku nyingine alirudi nyumbani amechoka kama mtu aliyelima kutwa, kumbe alikuwa amekaa tu na watu.

Pikipiki nayo aliiendesha kwa macho. Juu ya usukani kulikuwa na vitaa vitano: kimoja cha kijani kuonyesha kwamba gia iko fri, yaani hakuna iliyoingia, na vinne vyekundu vyenye namba, moja mpaka nne. Mwenye masikio hana haja navyo, injini yenyewe humwambia iko gia gani. Damian hakuwa na kingine cha kumwambia. Hata mshale wa mwendo ulikuwa umekufa siku nyingi.

Asubuhi moja ya Februari alikuwa akirudi kutoka kuchanja ng'ombe wa Mzee Mabula. Kwenye korongo alishuka gia mpaka ya pili, akavuka mawe, maji yakamfika magotini, akapanda ng'ambo. Huko juu akapandisha gia mara mbili, buti likiwa zito kwa tope, kisha akatupia jicho vitaa. Namba nne ilikuwa inawaka. Akaendelea.

Pikipiki ilikuwa nzito, haitaki kukimbia. Akawaza kuwa ni petroli. Mwaka ule petroli ilikuwa ya kutafuta kwa tochi, na iliyopatikana mara nyingi ilichanganywa na mafuta ya taa. Akaongeza moto. Barabara ilikuwa ya mabonde mabonde, inamtikisa mwili mzima, hata asingeweza kutofautisha mtetemo wa injini na wa njia. Akaona wanawake waliokuwa wakipalilia pamba wameinuka na kuziba masikio. Akawapungia mkono.

Alipofika Runzewe watu walikuwa wametoka madukani. Mbele ya karakana yake, Fundi Hatibu alikuwa amesimama katikati ya barabara, mikono yote miwili juu, kama anayesimamisha lori. Damian akafunga breki.

Hatibu alikuwa mtu wa Ujiji, mwenye umri wa miaka hamsini na kitu. Zamani walikuwa marafiki wa kunywa kahawa pamoja kila jioni. Kisha mwaka uliopita, bila ugomvi wowote ambao Damian aliujua, Hatibu alianza kumjibu salamu huku akitazama pembeni. Damian alikaa mwezi mzima akijiuliza amekosa nini, halafu akaacha kwenda kwenye kahawa.

"Shikamoo, Fundi."

"Marahaba." Midomo ya Hatibu ilikwenda mbio. "Unataka kuiua hii injini? Tangu kule kwenye msikiti nakusikia! Gia ya pili, Bwana Mifugo, na moto wote huo! Hukuisikia inavyolia?"

"Niliisikia," Damian akasema. "Nilidhani ni petroli."

Hatibu akamtazama kidogo, kisha akatazama vitaa. Namba nne ilikuwa bado inawaka. Akaiweka pikipiki fri kwa mkono. Namba nne ikawaka vilevile.

"Basi taa inadanganya," akasema. "Iingize kivulini."

Akaanza na nyaya. Aliufuata mmoja mmoja kutoka chini ya taa kubwa mpaka ubavuni mwa injini, na mahali zinapopita chini ya tangi akakuta mmoja umechubuka, shaba yake imegusa bodi. Alipoutenga na bodi, namba nne ikazimika. Akauzungushia kipande cha mpira wa tyubu, akaufunga kwa uzi. Lakini sasa hakuna taa hata moja iliyowaka, hata ile ya kijani. Akachomoa balbu, akazijaribu kwenye betri. Zote nzima.

"Magonjwa mawili," akasema, akiinua vidole ili Damian aone. Akafungua kava la kushoto, penye sproketi ya mbele inayovuta mnyororo. Ndani yake palikuwa na kisahani cheusi chenye vituo vya shaba, na kijipini kidogo ambacho husukumwa na springi ili kiguse kituo cha kila gia. Tope na grisi vilikuwa vimekilaza kijipini ndani. Springi imechoka. Spea hakuna, Kahama hakuna, Mwanza kwenyewe hakuna. Hatibu akaosha kila kitu kwa petroli, akamwomba Damian kalamu yake ya kubonyeza, akaifungua, akakata springi yake kwa koleo, akaipachika.

Kisha akachuchumaa nyuma ya pikipiki, ameshika waya, na Damian akasimama kando ya usukani akitazama vitaa.

Damian alisubiri. Taa ya kijani ikawaka, akafurahi. Akaendelea kusubiri kuambiwa la kufanya. Ng'ambo ya barabara aliona mwuza chumvi ameshtuka, amegeuka kutazama karakana. Hapo ndipo mkono ulipomgusa begani.

Hatibu alikuwa amesimama nyuma yake, spana kubwa mkononi. Pembeni kulikuwa na pipa tupu la mafuta, na juu ya pipa alama mpya ya kupigwa.

"Nimekwambia utie gia ya kwanza," Hatibu alisema polepole, uso kwa uso. "Mara tatu. Kisha nimepiga pipa."

Damian akaitazama ile alama juu ya pipa.

"Tangu lini?"

"Tangu zile sindano."

Hatibu akakaa juu ya pipa. Akawa anafuta mikono ambayo haikuwa na kitu cha kufuta.

"Kwa hiyo siku ile," akasema, "niliporudi kutoka Ujiji. Nilikuwa nasimulia barazani. Wenzetu upande wa pili walikuwa wakichekea mambo yao ya bao. Mimi nilikugeukia wewe, nikakwambia mama amefariki, na mimi nimefika siku ya tatu, wameshazika. Nawe ukacheka."

 Damian akashika tandiko la pikipiki.

"Niliona watu wanacheka," akasema. Hakujua alisema kwa sauti kubwa au ndogo. "Fundi, niliona wanacheka tu."

"Nimejua sasa."

"Nisimulie tena. Tafadhali."

Hatibu akamsogeza mpaka penye mwanga, akamsimulia. Lori alilongoja Tabora siku mbili. Dada zake mlangoni. Kaburi bichi. Damian hakuondoa macho kwenye midomo ile, na mara hii alilia mahali pa kulia.

Wiki hiyohiyo aliiandikia ofisi ya wilaya, Kahama, barua ya kukiri kwamba hasikii, yeye mwenyewe. Jibu lilikuja baada ya miezi miwili: pikipiki apewe mwingine, yeye ahamie kwenye stoo ya chanjo ya wilaya. Hatibu ndiye aliyembebea sanduku mpaka kwenye lori la pamba.

Kahama alipewa meza karibu na dirisha. Karani wa stoo alikuwa mama wa makamo, jina lake Generosa. Siku ya kwanza, kabla hata hajaketi, Damian alimwendea.

"Mama, mimi sisikii," akasema. "Ukiniambia jambo, nitazame usoni."

Generosa akamtazama kwa upole, akaitikia kwa kichwa. Kisha akainamia makaratasi yake, akaanza kumweleza kazi, midomo yake haionekani.