Goti la Fundi Vigae

Mfupa wa muundi wa mwanangu uliunga vizuri. Daktari aliinua picha dirishani, tukauona msumari wa chuma waliomtilia umelala ndani ya mfupa, akasema, "Kijana amepona." Ila msumari waliupitishia gotini, na goti likabaki linauma. Kutembea anatembea. Kupiga magoti hawezi, na yeye ni fundi vigae.

Msimamizi wa ujenzi akampa nafasi ya mwisho: bafu moja, peke yake. Akiliweza arudi kazini, asipoliweza basi. Nilimwombea asubuhi, mchana nikampelekea chakula.

Nilimkuta ameketi pembe ya ndani kabisa, mguu kaunyoosha. Kutoka mlangoni hadi alipo, vigae vilipendeza, gundi ingali mbichi. Nikaliona kosa papo hapo. Marehemu mume wangu naye alikuwa fundi vigae. Fundi huanzia ukuta wa ndani, akarudi kinyumenyume kwa magoti hadi mlangoni. Lakini mguu ulionyooka unataka sakafu tupu mbele yake, kwa hiyo mwanangu alianzia mlangoni, akajivuta ndani kwa makalio.

Fundi rangi mmoja akachungulia mlangoni. "Fundi, umejifungia mwenyewe? Chakula tukurushie?"

"Rusha, nina meno."

Mafundi wenzake walicheka. Mimi sikucheka.

"Utatokaje, baba?" nikamwuliza.

"Nitabandua vigae vya njiani, mama, nivirudishe nikitoka."

Kubandua kunataka goti. Akaliteremsha taratibu, likagusa sakafu. Uso ukamgeuka majivu, mwiko ukamponyoka. Akajaribu tena. Mara ya pili alilia kwa sauti ndogo, kama alivyolia utotoni akiona haya.

Msimamizi alikuwa ameshafika, kasimama nyuma yangu.

"Simama utoke, ndugu yangu."

"Vitaharibika, bosi."

"Najua. Toka tu."

Akatoka. Kila alipokanyaga, kigae kilizama upande. Msimamizi akampa mkono. "Mikono yako haina kasoro," akasema, kisha akamwita fundi mwingine abandue sakafu yote.

Njiani nikamwambia, "Turudi kwa daktari, wautoe huo msumari."

"Nilishamwuliza, mama. Anasema wengine hutolewa na goti likaendelea vilevile. Hakuniahidi kitu."

"Basi tuzidi kuomba."

"Omba. Ila usiombe nipone. Niombee nizoee."

Tangu niachwe mjane nimemwomba Mungu mambo mengi magumu. Hilo nililianza tulipofika nyumbani, nikaishia kwenye jina la mwanangu, nisiweze kuendelea.