Kitambaa Chekundu Kwenye Usukani

Trekta lilikuwa limeshatoka getini, linakata kona ya kwanza, wakati mjane anarudi kutoka dukani na dumu la oili mkononi na kichujio kipya kwapani. Juu ya trekta amekaa shemeji yake, mdogo wa marehemu, yule wa mjini ambaye nyumba nzima humwita Bosi Viatu kwa jinsi anavyoogopa tope. Leo hakuogopa. Kaukamata usukani kama mtu aliyeshika pembe za ng'ombe wa wizi.

Kuchukuliwa hakukumshangaza mjane. Tangu mumewe azikwe, ndugu walilitazama lile trekta dogo kama fisi anavyotazama mkono wa mtu unaoning'inia. Na ndilo lililomlisha yeye na wanawe: alilimia watu mashamba, akavuta tela la matofali, jioni akapaka grisi kiungo kwa kiungo kama anayemkanda mgonjwa.

Kilichomkata maini ni kingine. Jana jioni, injini ikiwa bado ya moto, alifungua bolti ya chini akaiacha oili idondoke kwenye karai mpaka asubuhi. Ndivyo alivyofundishwa na mumewe. Oili chafu, marehemu alizoea kusema, ni kama mgeni mzito: ukimharakisha, anaacha mizigo yake. Na kwa kuwa taa ya oili iliungua zamani, nyumba ilikuwa na utaratibu wake: bolti ikitoka, kitambaa chekundu kinafungwa kwenye usukani. Kikiwapo, hakuna anayegusa ufunguo.

"Shemeji! Zima! Injini haina oili!"

Bosi Viatu aligeuza shingo, akacheka. Alikuwa akifutia mikono kitambaa chekundu.

"Jana ukilima wewe ilikuwa nayo. Leo nimekaa mimi ndiyo imekwisha?"

"Nakuapia, shemeji! Utaiua!"

"Lia, dada, lia! Machozi hayaendeshi trekta."

Mjane akavuta pumzi aite tena. Angeweza hata kukimbia. Mwendo ule haumshindi mwenye miguu. Akatazama uani: gurudumu lilikuwa limepindua karai, oili nyeusi imetambaa mpaka kizingitini. Kibarazani alisimama mama mkwe wake, mikono kaikunja. Ni yeye aliyetoa ufunguo, na hapo alipo ndipo alipomwona mwanawe akikifungua kitambaa.

Mjane akafumba mdomo.

Halikufika mbali. Injini ilianza kusaga kama mtu anayetafuna kokoto, ikapiga ukelele, ikanyamaza. Fundi wa jirani alijaribu kuizungusha, haikutikisika. "Imenoki, imekufa kabisa," alisema, akafunga begi lake la spana.

Jioni ukoo ukaketi sebuleni. Bosi Viatu, viatu vimelowa oili, akasema mwanamke huyu kamwaga oili kwa makusudi, ana roho ya korosho.

"Muulizeni mama," mjane alisema. "Kitambaa anakijua. Jana jioni tu kamzaba kofi mjukuu wake kwa kukigusa."

Macho yote yakamgeukia bibi. Bibi akajitanda khanga upya, pole pole.

"Mimi mtu mzima, mwanangu. Mambo ya vitambaa nitayajulia wapi?"

Mjane alimkazia macho. Bibi alikuwa akitazama sakafu.

Mjomba wa marehemu akakohoa. "Na wewe, ulimwita?"

"Nilimwita, mjomba."

"Akasikia?"

"Akasikia, akanicheka."

"Ukamwita mpaka mwisho?"

Hapo mjane akainamisha kichwa. Uongo wa mama mkwe ulipita mlango wa mbele, na ukweli wake yeye ukabaki kizingitini. Maji yakimwagika hayazoleki. Oili ndiyo kabisa. Wakaamua hana tena lake pale, aondoke.

Trekta lilikatwa vipande na muuza vyuma chakavu. Bosi Viatu alirudi mjini na viatu vipya, na hakukanyaga tena tope la kwao mpaka mazishi ya mama yake. Shamba lilishikwa na magugu. Watoto walipelekwa kwa shangazi yao. Mkubwa humwita mama yake "yule". Mjane anaosha vyombo katika mgahawa wa stendi, na lile dumu la oili liko chini ya kitanda chake, halijafunguliwa. Mwanzoni majirani walimwuliza kama analiuza. Siku hizi hawaulizi.