Match

"Huyu ndiye match," daktari alisema, na kidole chake kikamwelekea Mwanaima, si mimi.

Neno lile nililijua zamani. Katika hoteli niliyofanyia kazi Diani, mpishi akiitisha match alitaka kiberiti. Nyumbani Mwabungo, mume wangu Nassir akisema kuna match, nilijua jioni hiyo runinga si yangu. Na siku moja alipokuja kunichukua kazini, mgeni mmoja alitutazama akasema sisi wawili ni match. Nilitabasamu njia nzima.

"Ndiyo kusema nini, daktari?"

"Figo yake inamfaa mzee. Wameendana kabisa, mama."

Mwanaima ni binti ami wa Nassir, na kabla yangu alikuwa mkewe. Walipoachana alihamia Samburu, akawa anauza mitumba kando ya barabara kuu. Mimi ndiye niliyempeleka Nassir kusafishwa damu, nikamfulia, nikamkanda miguu iliyovimba. Nilipopimwa, nilikataliwa. Mwanaima alisikia habari, akaja na mkoba mmoja, akakubaliwa.

Tuliporudi nyumbani, mavyaa, mama yake Nassir, alicheka kwa furaha. "Hawa niliwaoza mimi," akasema. "Nilijua wanaendana."

Nikaingia jikoni, nikakuna nazi mpaka nikajichuna kidole. Mwanaima akanifuata, akasimama mlangoni.

"Dadangu, kama hutaki, sema sasa. Nitarudi Samburu, na sababu nitaijua mimi peke yangu."

Wema ule uliniuma kuliko kicheko cha mavyaa. Laiti angeringa, ningemchukia kwa raha. Nikanyonya damu kidoleni. Neno "nenda" lilikuwa limeshafika mdomoni. Chumbani Nassir alikuwa akitapika, na mama yake akimshikia beseni, hacheki tena.

"Unakula pilipili?" nikamuuliza.

"Kidogo."

Nikampakulia.

Ni mwaka wa tatu sasa. Wakati wa ugonjwa, Nassir alipimiwa maji kwa kikombe kidogo. Siku hizi anakunywa atakavyo. Akitoka kazini huegemea mlango, akainua glasi, akaishusha yote kwa mkupuo mmoja. Kisha mkono wake huteremka mpaka chini ya tumbo, penye kovu, ukatulia hapo bila mwenyewe kujua.

Mimi hugeuka nikatazama nje, hadi autoe.