Ufa kwenye Shingo ya Simba

“Kwa hiyo mimi ni mwizi?” kaka yangu aliniuliza, amesimama mbele ya meza yangu ya kazi.

Niliendelea kukodolea macho kioo cha kukuzia, sarafu ya marehemu mama ikiwa chini yake. Mama aliniachia mimi. Kaka aliitunza miezi minane nilipokuwa safarini, na asubuhi hiyo ndiyo kwanza aniletee. Nami, Mungu anisamehe, tangu alipobisha hodi nilikuwa namtazama mikono, naye aliona.

Kazi yangu ni kuchunguza kasoro za sarafu kuukuu. Hii ya mama ningeitambua popote: mstari mwembamba ulitoka shingoni mwa simba aliye usoni mwake hadi ukingoni. Muhuri wa chuma ulioigonga ulipasuka kiwandani, madini yakajaa ndani ya ufa, mstari ukatokea umeinuka. Mkwaruzo wa baadaye huzama. Mwenye kughushi huchora mstari kwa sindano, na huu niliokuwa nauona ulikuwa umezama.

“Ya mama iko wapi?” nikasema.

“Si hiyo hapo?”

“Kaka, usinifanye mtoto. Umemuuzia nani?”

Alicheka kidogo, kicheko cha mtu aliyemwagiwa maji ya baridi. “Mimi niliyemlisha mama kwa kijiko, leo nimwibie?” Akatoka bila kufunga mlango. Nikajisemea, mwenye hatia ndiye hukasirika upesi.

Saa nzima nilijipongeza. Kisha nikaizungusha sarafu niipige picha, na mstari ukainuka mbele ya macho yangu. Nikaizungusha tena, ukazama. Lo! Balbu ya taa ya kushoto iliungua juzi yake, nikawa natumia ya kulia, na kivuli kikaangukia upande nisiouzoea. Jicho langu la miaka ishirini likaona mlima, likasema bonde. Ukucha ungeniambia kweli mara moja, lakini sisi mafundi tuna mwiko: uso wa sarafu haugusiki. Nikauvunja mwiko. Ukucha ukagonga mstari, ukapanda juu yake: ulikuwa umeinuka.

Nilifika kwake nahema. Nikamweleza yote, balbu, kivuli, hata ukucha, huku aibu ikinichoma. Alinisikiliza mpaka mwisho.

“Sawa, mdogo wangu, ni taa,” akasema. “Na kabla hujaiwasha je?”

Nikakumbuka nilivyoitazama mikono yake mlangoni. Huu ni mwaka wa kumi na moja, na tunasalimiana vizuri tu.