Mkeka wa Lisiate

Kamati mbili ziligombania timu ya Tonga ya raga ya wachezaji kumi na watatu, kila moja ikiwa na kocha wake. Shirikisho la kimataifa lilitaka jibu moja kabla ya jioni, la sivyo timu isingecheza Kombe la Dunia. Semisi, katibu wa chama cha raga, alikuwa na barua mfukoni iliyoikabidhi timu kwa kamati ya marafiki zake. Ilikuwa na sahihi ya mwenyekiti Lisiate, aliyezikwa wiki mbili zilizopita. Sahihi hiyo aliiandika Semisi mwenyewe.

Kabla ya kikao, kava, kinywaji cha mizizi cha Tonga, ilizungushwa kwa wajumbe walioketi mikekani. Mwitaji majina ya wanaopewa kikombe, kwa mazoea, akaita, "Lisiate!"

"Mzee wangu, umelewa hata hujanywa?" mjumbe Folauhola alimtania, wenzake wakacheka.

Kicheko kilikatika ghafla. Kutoka kwenye mkeka mtupu wa mwenyekiti yalisikika makofi mawili mazito, kama apigavyo aliyeitwa ili aletewe kikombe.

Kikombe kilipelekwa, kikawekwa mkekani. Kava ikapungua taratibu mpaka ikaisha.

"Haya, katibu," Folauhola alinong'ona, "si ulisema una barua yake? Tusomee, mwenyewe yupo."

Semisi aliitoa barua, akaichana.

"Niliiandika mimi," alisema, akiutazama mkeka.