Sharti Moja Ukutani

Miaka ishirini na miwili Mama Mvuke alikuwa msimamizi wa chumba cha boila kwenye kiwanda cha udobi, na hakuwahi kunyimwa cheti cha usalama. Safari hii alinyimwa. Mkaguzi hakukuta bomba linalovuja wala waya uliochunika. Aliuliza swali moja tu: "Kabla ya kuwasha moto, ni jambo gani lisiloweza kurukwa?" Akawauliza watu watano, akapata majibu matano. Mmoja alisema ni kuvaa kofia.

"Nawapa siku nne," mkaguzi akasema. "Nikirudi nikakuta ni yale yale, boila naifunga, na leseni yako, mama, naondoka nayo."

Boila ikifungwa hakuna maji ya moto, hakuna pasi, na watu thelathini wako barabarani.

Mama Mvuke alijua tatizo liko wapi. Lilikuwa limebandikwa ukutani. Boila ilikuja na kitabu cha Kiingereza, na Meneja, mtu wa tai hata jua likiwaka, ndiye aliyekitafsiri. Kila mahali kitabu kilipotaka jambo, liwe kubwa liwe dogo, yeye aliandika lazima. Lazima kufuta miguu. Lazima kutazama maji. Lazima kutundika taulo. Lazima arobaini na moja, kutoka dari hadi sakafu! Watu walizoea kuzipita kama wanavyoupita mlio wa feni.

Jioni alikibwaga kitabu mezani mbele ya bintiye, karani wa mahakama, mwenye Kiingereza kilichonyooka.

"Nisomee moja moja, mwanangu. Usinirukie hata nukta."

Binti akasoma. "Hapa wamesema 'must', hiyo ndiyo lazima yenyewe. Hapa 'should', ni nyepesi, kama kusema inafaa. Hapa 'need to', yaani inabidi, kazi inadai. Na hapa, mama, wamesema ukipenda."

"Ukipenda? Na yeye kaandika lazima?"

"Kaandika, na alama tatu za mshangao."

Baba mtu, fundi saa, alikuwa pembeni akimenya viazi. "Na mimi hivi viazi? Ni lazima, inabidi, au inafaa?"

"Kwako ni sharti," mkewe akajibu bila kuinua macho. "Na ukimaliza, kuna masufuria."

Akachukua penseli. Hata hiyo 'must' yenyewe ilikuwa imejaa kitabuni, kwa hiyo kila moja aliiuliza swali lake mwenyewe: nisipofanya hivi, anakufa nani? Kofia, hakuna. Taulo, hakuna. Alipofika kwenye maji, yale yanayotazamwa kwenye kioo cha kupimia ubavuni mwa boila, mkono ulisimama. Boila ikiwashwa bila maji, chuma kinaiva chekundu, na chumba kinaondoka na waliomo.

Kesho yake alibandua karatasi zote. Zilizobidi, saba, akaziweka karibu na meza ya zana. Zilizofaa zikaenda nyuma ya mlango. Ukutani, juu ya boila, akaandika kwa rangi nyekundu: SHARTI. MAJI HUYAONI KWENYE KIOO, USIWASHE. HATA UKIAMRIWA NA NANI.

Meneja alifika mbio, tai begani. "Umenifutia kazi ya miezi mitatu! Sasa hawatafuta hata miguu!"

"Wasipofuta tutapiga deki, bosi. Hiyo nyingine haipigwi deki."

Kuanzia siku hiyo hakuna moto uliowashwa kabla mwashaji hajasema kwa sauti, wote wasikie: "Maji nayaona."

Siku ya nne mkaguzi akaingia. Hakuuliza kitu. Alifunga vijibomba viwili vinavyoleta maji kwenye kile kioo, akafungua kile cha chini cha kumwagia, maji ya kioo yakashuka mpaka yakapotea. Kisha akamnyooshea kidole mwashaji wa zamu, baba wa watoto sita ambaye wenzake kazini walimbatiza Ndiyo Bosi, maana hajawahi kumkatalia mtu kitu.

"Washa."

Ndiyo Bosi akatazama kioo. Akamtazama mkaguzi.

"Husikii?" Meneja akafoka. "Mheshimiwa kasema washa!"

Mama Mvuke aliuma ulimi. Anayepimwa ni mwashaji; yeye akimdokezea neno moja, cheti si chake tena.

"Siwashi," Ndiyo Bosi akasema. Sauti ilimtoka nyembamba, kisha ikakaa sawa. "Maji siyaoni."

"Nitaandika kwamba umekataa amri yangu."

"Andika, mheshimiwa. Nikutajie jina taratibu, au unaliweza?"

Kicheko kikapasuka mlangoni, walipojazana wanawake wa pasi. Mkaguzi akawageukia. Ni kipi kisichorukwa? Wakamjibu wote kwa pamoja, kwa sauti iliyotikisa vioo vya madirisha: maji! Mmoja akaongeza, "Na usitujaribu tena, baba, tuna mashuka yanasubiri."

Mkaguzi akacheka hadi kalamu ikamponyoka. Aliiokota, akatia sahihi, akagonga muhuri juu ya goti lake.

"Mama," akamwambia akimkabidhi cheti, "nina boila kumi na tisa za kukagua. Naomba maneno ya ukuta huu."

"Nakili, mwanangu. Mimi nina kazi."

Alirudisha maji kwenye kioo kwa mkono wake mwenyewe. Ndiyo Bosi akapaza sauti: "Maji nayaona!" Moto ukanguruma. Presha ilipopanda, Mama Mvuke akashika gurudumu la valvu kubwa kwa mikono miwili, akalizungusha, na mvuke ukakimbia kwenye mabomba ukipiga mluzi, chumba hadi chumba, na kila ulipofika, watu walishangilia.