Kosa la Mstari wa Mwisho

Kila mchana, watu wakishakula na vyombo vikishaoshwa, chumba cha nyuma kilianza kugonga. Ko. Kimya kidogo. Ko. Hakuwa panya, maana panya hana subira ya namna hiyo. Ulikuwa mlio wa ubao wa kufumia ukishindilia uzi, na kila aliyekulia katika nyumba ile aliujua kama anavyojua sauti ya mama yake. Tabu ni kwamba mwenye ubao walikuwa wameshamzika.

Alikuwa mke wa nyumba ile, mfumaji. Alikufa ghafla, shuka ikiwa bado kitandani. Si kitanda cha kulalia jamani, kitanda cha kufumia: mbao nne zimeungwa, nyuzi zimetandwa kwa urefu, huo ndio mtande, halafu uzi mwingine unapita katikati yake kwenda na kurudi, huo ndio mshindio. Shuka ilikuwa imefika nusu. Ilikuwa ya mumewe, mzee anayelalamika baridi hata jua likiwa utosini.

Basi mzee huyo alibeba kiti chake akakiweka ukumbini, nje ya mlango wa chumba, akakaa. Mlio ukianza, anatabasamu. Ukimpelekea chakula, anakwambia, "Ngoja kwanza, mama yenu akitoka tutakula wote." Mama yenu hatoki. Chakula kinapoa, kinarudi jikoni kama kilivyokwenda. Mzee akabaki mifupa na ngozi, anachungulia kaburi huku anatabasamu, na tabasamu hilo lilimtisha binti yake kuliko mlio wenyewe.

Binti huyo, mtoto wao wa pekee, watu walimwita Mashoto. Jina alilipatia katika chumba hichohicho. Alipokuwa mdogo alimfuata mama yake amfundishe kusokota pamba iwe uzi. Akakamata kijiti cha kusokotea kwa mkono wa kushoto, kama anavyokamata kijiko, na uzi ukajipinda kinyume na unavyotakiwa. Mama akamnyang'anya. "Mkono huu hausokoti uzi, unasokota balaa. Nenda kacheze." Waliokuwepo wakacheka, jina likamganda. Mtoto akatoka, na hakukanyaga tena mle ndani. Alipokua akawa msusi, na mkono huohuo wa balaa ukasuka vichwa vya wanawake wa mtaa mzima. Lakini yeye na mama yake walizungumza habari za chumvi na sabuni tu, mpaka siku ya msiba.

Aliyekuja kumtikisa ni mama mdogo, yaani mdogo wake marehemu, naye mfumaji, mwanamke mwenye ulimi usio na breki.

"Shikamoo, mama mdogo."

"Marahaba. Baba yako anakufa, unamwona?"

"Namwona."

"Unamwona halafu unasuka watu vichwa." Akaketi, akashusha pumzi. "Sikiliza. Dada yangu hajaondoka. Kwetu sisi wafumaji, kazi iliyoachwa nusu na aliyekufa haikatwi ikiwa nusu. Inamaliziwa na mtoto wake wa kumzaa, kisha inakatwa, naye anapumzika. Isipomaliziwa, anaendelea kufuma bila kazi kusogea. Akichoka kufuma peke yake, anamwita mwenye shuka akamsaidie."

Mashoto akatazama kule ukumbini alikokuwa baba yake. Hakuwa na mtu mwingine duniani.

"Nifundishe," alisema.

Akafundishwa, na kufundishwa na mama mdogo si mchezo. Kwanza kutoa mbegu kwenye pamba mpaka kucha ziume. Kisha kuipiga pamba kwa upinde mdogo mpaka iwe laini. Kisha kusokota: unavuta pamba taratibu kwa mkono mmoja, wa pili unazungusha kijiti chenye kigae cha duara chini yake, na uzi unazaliwa hapo katikati ukijaliwa. Mama mdogo alimlazimisha kuzungusha kwa kulia. Uzi ukatoka huku mnene, huku mwembamba, kama nyoka aliyemeza mayai.

"Huu ni uzi au mnyoo?" aliuliza mama mdogo.

"Ni uzi."

"Haya, tumfiche asije akatambaa."

Hata hivyo aliingia kufuma. Alikuwa anafuma asubuhi, kabla wateja wake hawajaja, na mchana anafunga mlango kumpisha mwenyewe. Siku ya kwanza alifuma mistari michache kwa jasho. Jioni aliporudi, mistari yake yote ilikuwa imefumuliwa, ile ya mama haikuguswa. Uzi wake ulikuwa juu ya kigoda, umeviringwa donge zuri. Akaushika. Ncha ya uzi ilikuwa imelowa.

Mama yake ndiye aliyekuwa na mazoea ya kulowesha ncha ya uzi kwa ulimi.

Alitoka mbio mpaka barazani, kiatu kimoja mguuni. Fundi cherehani wa nyumba ya pili akamuuliza kulikoni. Akasema panya. "Panya wenu wanafuma vizuri," alisema fundi, "hebu waambie na mimi wanipunguzie kazi." Lakini alifunga dirisha lake upesi.

Kesho yake ikawa vilevile, na keshokutwa. Anafuma, anafumuliwa, donge juu ya kigoda, ncha mbichi.

"Anakukosoa," alisema mama mdogo. "Huo uzi wako wa kulia ni aibu, hawezi kuuacha kwenye shuka yake."

"Alinikosoa akiwa hai, ikatosha!" Mashoto alipandwa na hasira, na hasira ikafukuza woga. "Basi nitampa anachokichukia. Afumue mpaka achoke."

Akahamishia kijiti mkono wa kushoto. Loo! Uzi ulitoka mwembamba, sawasawa, mrefu, bila kukatika, maana vidole vile vilikuwa vimesokota nywele za watu kwa miaka. Mama mdogo alinyamaza, jambo ambalo si la kila siku. Kisha akasema, "Lakini umejipinda kinyume. Ukiufuma, jua likipiga kwa upande, sehemu yako itang'aa tofauti na yake. Kila mtu ataona mkono wa mama umeishia wapi na wako umeanzia wapi."

"Waone," alisema Mashoto.

Akafuma. Mchana ule mlio ulianza, ko, ko, halafu ukakatika ghafla. Baba yake akainua kichwa pale kitini. Kimya kikakaa muda mrefu, kisha mlio ukaendelea polepole, kama mtu anayepapasa kitu asichokitarajia. Jioni Mashoto alifungua mlango. Mistari yake yote ilikuwepo. Hakuna hata mmoja uliofumuliwa. Kijiti cha kusokotea, alichokuwa amekiacha sakafuni, kilikuwa juu ya kigoda, kimewekwa upande wa kushoto.

Alikaa chini akalia kwa sauti, kamasi zikamtoka, mwanamke mzima.

Hapo kazi ingekwisha upesi. Mkono ulikuwa umekubaliwa, uzi upo, shuka inapanda. Lakini siku moja, kwa haraka zake, aliruka nyuzi mbili za mtande bila kujua. Jioni akakuta shuka imefumuliwa mpaka mahali pale pa kosa, wala si zaidi, na donge liko juu ya kigoda. Akaligusisha shavuni. Ncha ilikuwa na unyevu, na ilikuwa na joto.

Kesho yake akaruka nyuzi mbili makusudi.

Ndiyo, makusudi. Alijua anachofanya. Asubuhi anatia kosa kwenye mstari wa kwanza kabisa, kisha anafuma vizuri juu yake, ili jioni akute mistari yote imefumuliwa na donge linamngoja. Akaanza kuzungumza na lile donge. Akaliambia habari za wateja wake, nani kaolewa, nani kamfumania mumewe, mambo yote ambayo hakuwahi kumwambia mama yake alipokuwa hai. Nani angemlaumu? Mimi namlaumu. Baba yake alikuwa anakufa mlangoni, na yeye anamruka kila siku kwenda kuongea na uzi.

Mama mdogo alipokuja tena, hakusalimia. Alipima shuka kwa kiganja, akaona iko palepale alipoiacha. Akainama juu ya mistari ya asubuhi ile.

"Kosa la asiyejua linaangukia popote," alisema. "Hili limekaa katikati kabisa, limepangwa. Unakosea kwa kupenda wewe."

Mashoto akainamia donge lake la uzi.

"Nakuuliza wewe!"

"Hakuwahi kunifundisha, mama mdogo! Maisha yake yote. Sasa ndiyo kwanza ananishika mkono. Nikimaliza ataondoka."

"Ataondoka, ndiyo. Na usipomaliza hataondoka peke yake. Umemtazama baba yako leo?"

Hakuwa amemtazama. Akatoka. Mzee alikuwa amekaa kitini pake kama kawaida, lakini alikuwa amenyoa ndevu. Alikuwa amevaa shati lake la harusini na viatu, kamba zimefungwa. Viatu vile vilikuwa havijatoka uvunguni tangu mazishi.

"Safari ya wapi, baba?"

"Kwani hajakwambia?" Mzee alishangaa kweli. "Mama yako amechoka kufuma peke yake. Kasema leo nimfuate humo ndani."

Mashoto akatupa jicho nje. Jua lilikuwa limeshavuka utosi. Akaingia chumbani, akamwambia mama mdogo akae na baba, amshike hata kwa nguvu, akafunga mlango kwa ndani. Kabla ya hapo hakuwahi kuwa mle saa ile.

Alifumua kosa lake mwenyewe, akaanza. Alipiga ubao: ko. Na baada yake, juu ya mkono wake: ko. Hakuona mtu. Aliona tu ubao unarudi kabla hajaurudisha, na uzi kila alipoukata na kuunga mwingine, ncha inafika vidoleni ikiwa imeshalowa. Walifuma hivyo, mapigo mawili kwa kila mstari, na shuka ikapanda kuliko siku zote. Nje alimsikia baba yake anasema, "Niache shemeji, ananiita," na mama mdogo anasema, "Akuite. Kaa." Kiti kikaburutwa. Kiatu kikagonga mlango.

"Mama," alisema Mashoto bila kusimamisha mkono, machozi yanamdondokea kwenye mtande, "nilikuwa na hasira na wewe mpaka unazikwa. Na nilikuwa nakupenda. Yote mawili ni kweli. Lakini huyu niachie. Ni wangu pia."

Mapigo yakaendelea mawili mawili.

Ulipobaki mstari mmoja, vidole vyake vikagoma. Akapiga moyo konde. Akapitisha uzi, lakini katikati kabisa akaruka nyuzi mbili. Hakuweza kujizuia. Akashika kisu, akakata mtande kutoka ukingo hadi ukingo, na shuka ikamwangukia mapajani. Nje, kiti kikaacha kuburutwa.

Shuka ikikatwa, ncha za mtande hufungwa mafundo papo hapo, la sivyo mstari wa mwisho unafumuka kwa kuvutwa tu. Mashoto alipofungua mlango, mama mdogo aliingia, akanyoosha mkono azifunge.

"Ziache," alisema Mashoto. "Mpaka kesho."

Mama mdogo aliliona kosa, akamtazama Mashoto, akaacha.

Kesho yake Mashoto aliiweka shuka juu ya kigoda, akafunga mlango, akaketi barazani bila kusuka mtu. Watu wakala. Vyombo vikaoshwa. Saa ile ikafika. Fundi cherehani alisimamisha mashine yake ili asikilize, na mtaa mzima ulikuwa kimya. Hakuna ko. Alisubiri mpaka jua likaingia chumbani kwa upande, akafungua. Sehemu ya mama ilikuwa na weupe uliotulia, sehemu yake inang'aa. Mwishoni kabisa, kosa lilikuwa palepale. Akazigusa ncha za nyuzi, moja moja, zote. Zilikuwa kavu.

Alifunga mafundo mwenyewe, taratibu, kisha akaipeleka shuka ukumbini. Baba yake alikuwa kitini, hana viatu, anatetemeka kama mtu aliyetoka kunyeshewa. Hakutabasamu. Alikuwa na uso wa mtu aliyefiwa jana. Akajifunika, akaipapasa mpaka kwenye ukingo, na kidole chake kikasimama.

"Hapa uzi umeruka," alisema.

"Najua, baba."

"Mbona hukufumua?"

"Nilimwachia mama."

Mzee alipitisha kidole chake pale tena. Kisha akalia, kwa mara ya kwanza tangu msiba, na Mashoto akakaa chini miguuni pake akalia naye. Walipochoka, mzee akajipangusa uso kwa ukingo ule ule wa shuka.

"Liache lilivyo," alisema. "Kuna chakula?"

"Kipo, baba. Ngoja nikipashe moto."